Imetoka au Umeitoa?

Ilikuwa saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumatatu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Dar es Salaam, binti wa marehemu dada yangu ameniegemea begani, kanga mbili zimefungwa kiunoni mwake na ya tatu imekunjwa na kuwekwa chini yake. Muuguzi wa zamu alikuja na daftari mkononi, akaitazama kanga, akautazama uso wa mgonjwa, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa korido:

"Imetoka au umeitoa?"

Binti yangu hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi.

Wiki saba zimepita, na macho yale bado yananirudia kila ninapolala. Sikuweza kumkasirikia muuguzi yule, kwa kuwa swali lake, kwa maneno yaleyale, nilikuwa nimeshaliuliza mimi nyumbani mapema jioni ile, nikiwa nimefunga mlango wa chumba na kuongeza sauti ya redio ili wapangaji wenzangu wasisikie.

Jioni ile

Binti huyu ana miaka 19. Anaishi kwangu tangu dada yangu alipofariki, anasoma chuo, na ananiita mama mdogo kama ilivyo ada, ingawa kwa miaka mingi sasa mimi ndiye mama aliye naye. Jumapili ile nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi, nikapika. Yeye alishinda kitandani akisema tumbo la hedhi linamsumbua, nami nikampa Panadol mara mbili na chai ya tangawizi, nikaendelea na kazi zangu. Saa moja jioni niliingia bafuni nikakuta ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na kanga iliyolowa damu kiasi ambacho hakuna hedhi inayokifikia.

Nilijua. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba angejua.

Niliingia chumbani kwake nikamuuliza swali lile. Akasema, "Naumwa tu, mama mdogo." Nikauliza tena, kwa ukali zaidi, akageukia ukutani, nami nikauchukua ule ukimya kuwa ndio jibu. Kuanzia hapo akili yangu haikuwa tena kwenye damu. Ilikuwa kwa mwanaume aliyehusika, kwa baba zake wadogo walioko Kilimanjaro na yale watakayoyasema kuhusu malezi yangu, kwa Jumuiya ambayo ilikuwa isali nyumbani kwangu Jumamosi iliyofuata, na kwa polisi, maana nilijiuliza kama hospitali ingetudai PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumgusa, na kama ningeulizwa nilijua nini na tangu lini. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa. Tulizungumza kwa dakika 40, na dakika zote hizo tulizungumzia aibu. Mwishowe akanishauri tusubiri asubuhi, kwa sababu usiku kila mtu angetuona tukitoka, lakini kukipambazuka tungeweza kusema ni malaria.

Nilikubali kusubiri.

Saa sita na nusu usiku aliinuka kwenda chooni, akaanguka mlangoni. Ndipo nilipokimbia kumgongea jirani mwenye bajaji.

Ninayaandika haya kwa sababu nimesoma makala nyingi kuhusu utoaji mimba ambamo mwenye makosa ni serikali, au kanisa, au mganga wa mtaani, au msichana mwenyewe. Sijasoma hata moja iliyoandikwa na mtu aliyekaa sebuleni jioni nzima akiipima heshima yake huku mtoto akivuja damu chumba cha pili. Ninaamini tuko wengi.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Siku za mwanzo nililichambua lile swali kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kiswahili kimetupa vitenzi viwili kwa tukio ambalo likishafika kwenye damu halina sura mbili. Mimba inaharibika, inatoka. Au mimba inatolewa, inachoropolewa. "Kuharibika" ni ndugu wa kuvunjika na kumwagika: kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika, na hakuna anayelazimika kuinua mkono. "Kutoa" kunadai mtendaji, na mtendaji akishatajwa hutafutwa na kila mtu, kuanzia mama yake mzazi na katekista mpaka askari wa kituo.

Mwanamke anayevuja damu analijua hilo bila kufundishwa sarufi, kwa hiyo hupanga jibu lake mapema: nilianguka bafuni, nilibeba ndoo nzito, nilikula kitu kibaya. Muda anaoutumia kupanga jibu ni muda ambao hajaomba msaada, na yule ambaye mimba yake imeharibika yenyewe hupanga jibu vilevile, kwa sababu anajua hataaminiwa.

Lipo pia neno la tatu, ambalo wanawake hulitumia wakishatoka hospitalini: "nilisafishwa". Nimelisema maisha yangu yote bila kujiuliza ni uchafu gani tunaoukusudia.

Mchoro nyuma ya kalenda

Wiki ya pili nilikwenda kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, mkunga mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye wodi za wazazi za mikoani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kila kitu, pamoja na zile dakika 40 za simu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichana karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akanichorea mji wa mimba.

Alinieleza kuwa mji wa mimba huzuia damu kwa kujikunyata: misuli yake hubana mishipa kama mkono unavyokunja ngumi. Kukibaki kitu ndani, hata kipande kidogo, ngumi ile haifungi, nayo damu huendelea. Mabaki hayo yakikaa huwa chakula cha bakteria, maambukizi huingia kwenye damu, presha hushuka, figo hushindwa. Ikiwa kuna kitu kigumu kilichoingizwa, kinaweza kutoboa mji wa mimba na kufika kwenye utumbo. Wapo wanaonusurika hayo yote lakini mirija yao ikaziba, wakaolewa baada ya miaka kadhaa, wakaitwa tasa ukweni, na hakuna mtu, wakati mwingine hata wao wenyewe, anayeunganisha utasa huo na ile homa ya siku nne waliyoificha wakiwa wasichana.

"Mwanangu," alisema, "hakuna hata kimoja hapo kinachosubiri kujua mimba ilianzaje kutoka."

Kilichonishangaza ni udogo wa tiba yenyewe ikiwahi. Kuna bomba la plastiki la kufyonza kwa mkono, ambalo halihitaji umeme wala chumba cha upasuaji, na muuguzi au mkunga aliyefundishwa anaweza kulitumia kwenye kituo cha afya kwa muda usiozidi robo saa, kwa ganzi ya sehemu ile tu. Ndilo ambalo Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa miaka mingi lichukue nafasi ya kukwangua kwa chuma. Vipo pia vidonge vya misoprostol, ambavyo huusaidia mji wa mimba kujikunyata na kutoa mabaki. Huongezwa dawa za kuua vijidudu, maji ya mshipani, na damu kwa aliyepungukiwa. Kabla mgonjwa hajaondoka anapaswa kuzungumziwa uzazi wa mpango, kwa sababu yai linaweza kupevuka tena kabla wiki mbili hazijaisha, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wanaporudi na mimba nyingine.

Binti yangu alipopimwa usiku ule, wingi wa damu yake ulikuwa tano tu. Aliongezewa chupa mbili, akalazwa siku tatu. Kama nisingemsikia akianguka, ile asubuhi tuliyoisubiri isingemkuta.

Mkunga akanifundisha kitu ambacho wahudumu wote wa afya ya uzazi nchini hukariri: ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kuamua kutafuta huduma, wa pili ni wa kufika kituoni, wa tatu ni wa kupata huduma ukishafika. Nchi hii imepambana sana na ule wa pili na wa tatu. Tuna mfumo wa m-mama, ambao ukipiga namba 115 bila malipo unamsafirisha mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye katika hatari. Namba hiyo niliijua. Nimeiona imebandikwa mahali pengi. Jioni ile yote haikunijia akilini hata mara moja, kwa sababu kichwani mwangu namba ile ni ya mama, na aliyelala chumba cha pili nilikuwa nimeshamvua jina hilo.

Sheria nilivyoisoma

Kwa kuwa nilimwogopa polisi kuliko kifo, niliona ni haki niisome hiyo sheria niliyokuwa naiogopa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika mwaka 1945, na maneno yake kuhusu jambo hili yana asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinampa kifungo cha miaka 14 yeyote anayekusudia kuharibu mimba ya mwanamke. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba. Kifungu cha 152 kinampa miaka mitatu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kusudi hilo. Halafu kuna kifungu cha 230, ambacho watu wachache hukitaja, kinachosema kuwa hana hatia anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa hali yenyewe ilistahili.

Nilisoma vifungu hivyo mara kadhaa nikitafuta ile hofu yangu ilipoandikwa. Sikuiona. Hakuna mahali panapomkataza mhudumu kumtibu mwanamke anayevuja damu, na huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali ya serikali, yenye miongozo na mafunzo yake. Hata hivyo hofu ipo, na nadhani najua inakotoka. Kifungu cha 230 kinazungumza kwa lugha ya upasuaji, lugha ya zamani za kabla ya vidonge, na hakimwambii daktari wa wilaya ni nani atakayeamua baadaye kwamba hali ya mama ilistahili. Daktari mwenye busara anaposoma miaka 14 upande mmoja na neno "ilistahili" upande wa pili, hupeleka mgonjwa hospitali nyingine. Wagonjwa wenye fedha huishia mahali salama kimyakimya; asiye nazo huishia kwa mwenye mizizi, au kwa mtu anayefanyia kazi hiyo chumba cha nyuma ya duka.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au maharimu kuzini, yaani ngono kati ya ndugu wa karibu, na pale inapohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama, au uhai wake. Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa ili ifanane na ahadi hiyo. Kwa mtoto wa darasa la sita aliyebakwa na mjomba wake, pengo hilo kati ya saini na sheria ndiyo miezi tisa yenyewe.

Sita kati ya kila kumi

Nitaandika namba chache tu, kwa kuwa hizi ndizo zilizonifanya niache kuamini kuwa yaliyotupata ni mkosi wa nyumba yangu.

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, yaani 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Kanda ya Ziwa ilikuwa juu, 51 kwa kila 1,000, na Zanzibar ilikuwa chini kabisa, kama 11. Wanawake wapatao 66,600 walitibiwa vituoni kwa madhara yaliyotokana na hayo. Namba hiyo ya mwisho ndiyo niliyoirudia mara nyingi, kwa sababu inafuatana na nyingine: kati ya kila wanawake kumi waliopata madhara yaliyohitaji matibabu, sita hivi hawakufika kituo chochote.

Sita.

Hao walikuwa na mama wadogo. Walikuwa na chumba cha pili, na sebule, na redio.

Nayasema haya nikijua kuwa nchi imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni jambo la kujivunia, na limetokana na kazi ngumu ya watu kama mkunga wangu. Limetokana pia na uamuzi wa kuhesabu dakika za mama anayejifungua. Ninachokiomba ni kwamba yule anayevuja damu akiwa na mimba ya wiki kumi naye ahesabiwe dakika zake, bila kwanza kuthibitisha kuwa anastahili.

Msichana wa Kisii

Jirani zetu Wakenya wana Katiba ya mwaka 2010 ambayo Ibara ya 26(4) inaruhusu utoaji mimba pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama imo hatarini. Nilidhani basi, wao wameshamaliza. Kisha nikasoma kesi ya msichana ambaye nyaraka za mahakama zinamtaja kwa herufi tu, JMM.

Alibakwa mwaka 2014, akiwa na miaka 14, huko Kisii. Akapata mimba, akaitoa kwa njia isiyo salama, akaanza kutapika na kuvuja damu. Wakati huo Wizara ya Afya ilikuwa imeshauondoa, Desemba 2013, mwongozo uliowaeleza wahudumu namna ya kushughulika na hali kama yake, na Februari 2014 ikapiga marufuku mafunzo ya utoaji mimba salama kwa wahudumu. Msichana akahamishwa kutoka kituo hadi kituo. Figo zake zikashindwa. Aliishi hivyo miaka kadhaa, akafariki Juni 2018, na mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu likaamua kuwa kuondolewa kwa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, likaamuru mama yake alipwe fidia.

Kesi hii ilinisumbua kuliko namba zote. Katiba ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kwanza aliyejua la kufanya na asiyeogopa kulifanya. Ilinionyesha kuwa maandishi mazuri peke yake hayapunguzi saa, ikiwa mwenye mgonjwa na mwenye sindano wote wawili wanatazamana wakingoja mwingine aanze.

Afrika Kusini nako niliangalia, nikitaka kujua kama maandishi hayana maana kabisa. Sheria yao mpya ya mwaka 1996 ilianza kutumika Februari 1997, ikafuatana na mafunzo kwa wakunga na vifaa vituoni. Vifo vilivyotokana na utoaji mimba vilipungua kwa asilimia 91 vikilinganishwa vya 1994 na vya miaka ya 1998 hadi 2001. Mimba hazikuacha kutolewa nchini humo. Wanawake ndio walioacha kuzikwa kwa sababu hiyo.

Jumuiya ilipokuja kusali

Jumamosi ile ilifika. Sikuahirisha, kwa sababu kuahirisha kungeulizwa. Watu 17 walikaa sebuleni kwangu, binti yangu akiwa chumbani na mlango umerudishwa. Wakati wa maombi, mama mmoja mzee ninayempenda aliwaombea watoto wanaouawa matumboni mwa mama zao, na wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Nami nikaitikia. Mdomo ulishazoea.

Lazima niseme wazi ninachoamini. Ninaamini uhai wa tumboni ni mtakatifu. Nimelelewa hivyo na bado sijaiacha imani hiyo, hata baada ya usiku ule. Wapo wasomaji watakaoona kuwa siwezi kusema hivyo na wakati huohuo nikataka sheria ilegezwe kwa aliyebakwa na kwa ambaye afya yake inaharibika. Nimejisumbua na jambo hilo usiku mwingi. Nilipofika sasa ni hapa: imani yangu inaniambia nisifanye nini, lakini haijawahi kuniambia nimwache mwenye damu mlangoni mpaka aungame. Mama mkwe wa Petro aliinuliwa kitandani akiwa na homa, na yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alipogusa vazi, hakuulizwa kwanza ameipataje hali ile. Hayo nayasoma katika Injili ileile tunayoisoma Jumuiya.

Ninajiuliza, tena bila kumlaumu mama yule, maombi yale yalifanya nini upande wa pili wa ukuta. Nyumba zetu zina kuta nyembamba. Kuna wasichana wengine mtaani kwetu waliokuwa wakitusikia, na huenda mmoja wao akahifadhi kichwani kwamba hapa kwa mama huyu, siku ya damu, hapafai kugongwa.

Swali lenye kazi

Nilirudi kwa mkunga nikiwa na hasira niliyotaka aithibitishe. Nilimwambia lile swali lifutwe, wahudumu wakatazwe kuliuliza. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Lazima ajue."

Akanieleza kuwa mhudumu anahitaji kujua ikiwa kuna kitu kilichoingizwa, ili atafute tundu kwenye mji wa mimba. Ikiwa kuna kitu kilichonywewa, ili aangalie ini na figo. Ikiwa ni vidonge, ni vingapi na lini, ili asiongeze juu yake. Mgonjwa anayesema "imetoka" kwa hofu, huku kijiti kimebaki ndani, anaweza kufa mikononi mwa watu waliomwamini. Kwa hiyo ukimya nao unaua, hata ukiwa wodini.

Hapo nilikwama. Nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya ubaya wa swali, na mtu aliyeokoa wanawake wengi kuliko nitakaowahi kukutana nao ananiambia swali lina kazi. Ikanibidi nimsikilize alivyokuwa akiliuliza yeye. Alisema kwanza huvuta pazia, na kumwomba aliyemsindikiza mgonjwa atoke, hata akiwa mama yake. Huanza na damu: ilianza saa ngapi, vitambaa vingapi vimelowa, kichwa kinazunguka au hapana. Mkono wake huwa tayari unatafuta mshipa. Mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, husema: "Wengine wanaokuja hapa huwa wametumia kitu. Kama na wewe umetumia, niambie ni nini, nijue dawa gani ikufae. Sitaandika jina la mtu."

Kwenye benchi lile la chuma, binti yangu alijibu "Imetoka," kwa sauti ndogo, macho yakiwa bado kwangu. Sina haki ya kumtuhumu muuguzi yule, ambaye baada ya jibu hilo alifanya kazi kwa haraka na kwa mikono ya upole, na alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Lakini jibu lile lilitolewa kwangu mimi. Hospitali ililisikia tu.

Msomaji atataka kujua ukweli ni upi. Sijui, na sitauliza.

Lipo jambo moja nililouliza, juzi Jumapili, tukiwa tunachambua mboga uani. Nilikuwa nimehesabu kosa langu kuwa ni lile la kuanzia saa moja jioni mpaka saa sita na nusu usiku, na nilitaka kumwomba radhi kwa muda huo. Nikamuuliza kile ambacho mkunga angeanza nacho.

"Mwanangu, siku ile damu ilianza saa ngapi?"

Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akaweka jani chini.

"Alfajiri, mama mdogo. Nilikusikia unajiandaa kwenda misa. Nikaona nikuache kwanza uende."